Andika kwa ajili ya asiyekuwepo: namna ya kuandaa karatasi ya habari za parishi

Kila katibu mpya anayekabidhiwa karatasi ya habari za parishi huja kwangu na swali lilelile: "Niandike nini?" Nami humuuliza: "Jumapili hii nani hakuja?" Wengi hudhani sikuwasikia vizuri, wakarudia swali kwa sauti kubwa zaidi.

Nilisikia vizuri. Aliyekuwepo kanisani habari anazo. Kwaya ameisikia, mtoto aliyebatizwa akapiga kelele amemwona, mahubiri marefu ameyavumilia. Karatasi haimhitaji yeye. Inamhitaji aliyelazwa, aliyesafiri, mwenye zamu ya kazi siku ya Jumapili, na yule aliyekosana na mtu katika baraza akaacha kuja bila kuaga. Inamhitaji pia mgeni aliyeingia leo kwa mara ya kwanza, maana Jumapili zote zilizotangulia naye hakuwepo. Nimeifanya kazi hii miaka 22, tangu enzi za taipu na stenseli iliyokuwa ikitutia wino hadi kwenye kola. Makosa yangu karibu yote yalitokea pale niliposahau ninamwandikia nani.

Tuanze na kutafuta habari, kwa sababu hapo ndipo wengi hukwama. Wanakaa ofisini wakingoja vikaratasi vya matangazo viletwe. Vitakavyoletwa ni vya vikundi vyenye makatibu hodari, basi, na karatasi yako itaonyesha kwamba parishi nzima ni kwaya na kamati ya ujenzi. Inuka. Baada ya ibada kasisi husimama mlango mkubwa kusalimiana na watu. Mwachie mlango wake. Wewe simama mlango wa pembeni, wanakotokea wenye haraka, na daftari dogo mkononi. Wenye haraka ndio wenye habari: huyu anawahi hospitali kumtazama shemeji yake, yule anawahi kwa binti aliyejifungua jana usiku. Uliza maswali mawili tu, "Nyumbani hawajambo?" na "Kuna mtu hatujamwona siku nyingi?" Hilo la pili limenipa habari nyingi kuliko mikutano yote niliyohudhuria.

Chanzo cha pili ni daftari la ibada, lile linalokaa sakristia: tarehe, aina ya ibada, idadi ya waliohudhuria, waliopokea Ushirika Mtakatifu, sadaka, na sahihi ya aliyeongoza. Watu hulijaza kwa mazoea na hakuna anayelisoma. Lisome kila mwisho wa mwezi. Mwaka fulani niliona ibada ya Jumatano asubuhi, ambayo siku zote ilikuwa na watu 3, imekuwa na watu 7 kwa wiki sita mfululizo. Nikauliza. Kumbe kina mama wanne waliokuwa wakipeleka watoto shule walikuwa wamekubaliana kupitia kanisani wakirudi. Hawakuwa kikundi, hawakuwa na mwenyekiti wala sare, kwa hiyo hakuna aliyewatangaza. Niliandika mistari minne kuhusu ibada ile, bila majina yao, na kabla ya Kwaresima walikuwa 11.

Weka siku ya mwisho ya kupokea habari na uisimamie. Yangu ni Alhamisi saa 12 jioni. Mwezi wa kwanza watakununia, wa pili watazoea. Kinachoruhusiwa kuvunja sheria hii ni msiba tu.

Kichwa cha karatasi

Juu kabisa, kabla ya neno lolote lingine, pana vitu vitano: jina la parishi, jina la Jumapili hiyo katika kalenda ya Kanisa, tarehe kamili, rangi ya siku (ile ya vitambaa vya madhabahu na mavazi ya kasisi), na masomo ya Biblia. Mtu aliyelala kitandani akiyapata masomo anaweza kusoma yaleyale mnayosoma ninyi, saa ileile. Hilo peke yake linatosha kuhalalisha karatasi.

Masomo ndiyo yanayowachanganya makatibu wapya. Parishi nyingi za Kianglikana hufuata mzunguko wa miaka mitatu, A, B na C: Mwaka A hutawaliwa na Injili ya Mathayo, B na Marko, C na Luka, huku Yohana akigawanywa katika yote, hasa majira ya Kwaresima na Pasaka. Kuna hesabu nyepesi ya kujua mko mwaka gani. Chukua mwaka, ugawe kwa 3. Kisipobaki kitu ni C, ikibaki 1 ni A, ikibaki 2 ni B. Mwaka 2025 haukubakiza kitu, ukawa C. 2026 unabakiza 1, ni A. Ila mtego uko hapa: mwaka wa Kanisa hauanzi Januari. Unaanza Jumapili ya kwanza ya Majilio, ile ya nne kabla ya Krismasi. Kwa hiyo tarehe 29 Novemba 2026 mtakuwa mmeshaingia Mwaka B, ingawa kalenda ya ukutani bado inasema 2026. Mimi nilikosea mwaka wangu wa pili. Msomaji alipanda akafungua Biblia mahali nilipoandika, kasisi alikuwa ameandaa mahubiri ya mahali pengine, na tukasikiliza mahubiri mazuri sana juu ya somo ambalo hakuna aliyelisikia.

Pasaka nayo huhama, kuanzia 22 Machi mpaka 25 Aprili, na inapohama huivuta Jumatano ya Majivu nyuma yake na Pentekoste mbele yake. Usiinakili karatasi ya mwaka jana ukabadilisha tarehe tu. Najua utajaribu. Wote tumejaribu.

"Kama kawaida"

Tangazo hili nililipokea hivi lilivyo, na nimelihifadhi:

"Wanakwaya wote mnakumbushwa kwamba mazoezi yataendelea kama kawaida, mahali pale pale, na muda ni ule ule. Tafadhali tuzingatie muda."

Ni Kiswahili fasaha, hakina kosa. Lakini mweleze mgeni anayeimba sauti ya tatu na ambaye angependa kujiunga. Atakwenda wapi? Saa ngapi? Tangazo hili linawasemesha wale tu wasiolihitaji. Nililiandika upya:

"Mazoezi ya kwaya: Jumatano tarehe 14, saa 11 jioni hadi saa 1 usiku, ukumbi mdogo nyuma ya kanisa. Anayetaka kujiunga amwone mwalimu wa kwaya leo baada ya ibada. Atasimama karibu na kinanda."

Hayo maneno "atasimama karibu na kinanda" ndiyo ninayojivunia. Mgeni hamjui mwalimu wa kwaya kwa sura. Tangu siku hiyo "kama kawaida" nimeipiga marufuku, pamoja na ndugu zake: "wahusika", "pale ofisini", "yule mratibu wetu", "siku tuliyokubaliana". Kila tangazo lijibu nini, siku gani na tarehe ngapi (vyote viwili, ili kosa la kimoja lifichuliwe na kingine), saa ngapi, wapi, na umwone nani.

Kuhusu saa, sikiliza vizuri. Andika kwa maneno ya Kiswahili na utaje wakati wa siku: saa 3 asubuhi, saa 9 alasiri. Kamwe usiandike "9:00" ukaishia hapo. Tulipokuwa na darasa la kipaimara, kijana mmoja alinisaidia kuchapa akaweka 9:00, kama simu yake inavyoonyesha. Nusu ya watoto walisoma saa tatu asubuhi. Nusu nyingine walisoma saa tisa wakaja alasiri, wamevaa vizuri, viatu vinang'aa, wakakuta kanisa limefungwa na kasisi ameshawahoji wenzao na kuondoka. Wazazi hawakumlaumu kijana. Walinilaumu mimi, na walikuwa na haki.

Halafu kuna matangazo yanayoletwa kama fimbo. "Kuna baadhi ya washarika wamekuwa na tabia ya..." Hili usilichape. Waliochelewa kulipa ahadi ni watu watano, wanajulikana, na mweka hazina ana miguu ya kuwafuata. Ukilichapa watasoma watu 200 wasiohusika, kila mmoja akidhani ni yeye, na wale watano watakuwa hawajaja Jumapili hiyo.

Ndoa, na kwa nini kasisi ana haki ya kukukatalia

Tangazo la ndoa si habari, ingawa ndilo linalosomwa kwa hamu kuliko yote. Ni utaratibu wa Kanisa wenye umri mkubwa: Mtaguso wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa Kanisa, wa mwaka 1215 uliufanya uwe wa Kanisa lote la Magharibi, na Kitabu cha Sala cha Kianglikana cha 1662 kinataka lisomwe Jumapili tatu, ili mwenye kujua kizuizi halali aseme. Kwa hiyo usilipambe. Nakili majina yote kamili kutoka katika hati, herufi kwa herufi, taja parishi ya kila mmoja, na uandike kama ni mara ya kwanza, ya pili au ya tatu. Usiandike "ndugu yetu mpendwa". Usiweke mioyo. Na kwa kuwa sheria za ndoa hutofautiana kati ya nchi na nchi, na hata dayosisi na dayosisi, usikubali kulichapa mpaka kasisi aweke sahihi kwenye nakala yako.

Hapo nigusie ugomvi wa kale kati ya makatibu na makasisi. Katibu huona karatasi ni yake. Lakini kitabu hichohicho cha 1662 kinaonyesha mahali pa matangazo katika ibada ya Ushirika, baada ya Imani ya Nikea na kabla ya mahubiri, na kinasema kisitangazwe kitu wakati wa ibada ila na mhudumu mwenyewe, naye atangaze yale tu yaliyoamriwa. Enzi hizo zilisomwa sikukuu na siku za kufunga za wiki inayokuja, barua za kuomba michango kwa ajili ya maafa ya mbali, hata hukumu za kutengwa na Kanisa. Leo ibada zetu zina nafasi nyingine za matangazo, na wengine husoma kabla ya baraka, lakini msingi haujabadilika: kinachotamkwa mbele ya madhabahu kinatamkwa kwa mamlaka ya kasisi. Mpelekee karatasi Ijumaa asubuhi. Akifuta kitu kuhusu imani au nidhamu, nyamaza. Akigusa mkato na nukta, mtetee msomaji wako.

Na usisome karatasi nzima kwa sauti. Matangazo matatu yanatosha, yale yasiyoweza kungoja. Ukisoma kumi na tano, utaona watu wanatafuta viatu vya watoto chini ya viti.

Wafu na wagonjwa

Msiba hauandikwi mpaka familia iseme. Hata kama umeusikia kwa watu wanane, hata kama kengele imegongwa, piga simu kwa mmoja wa wafiwa, uliza jina kamili kama wanavyotaka liandikwe, uliza mipango ya mazishi, kisha umsomee ulichoandika. Chanzo cha kifo hakituhusu. Umri na sifa andika kwa kipimo. Mtu aliyekuwa akifagia kanisa kila Jumamosi miaka 30, andika hivyo hivyo, inatosha kuliko "nguzo imara ya Kanisa".

Najua umuhimu wa kumsomea mfiwa kwa sababu siku moja sikufanya hivyo. Walikuwa ndugu wawili, wazee wote, majina yao yakitofautiana jina moja tu la katikati. Mdogo alifariki Ijumaa jioni, nikapewa habari kwa haraka, nikachapa. Jumapili asubuhi mkubwa aliingia, akachukua karatasi mlangoni, akasoma, akaikunja mara nne, akaja mpaka nilipokuwa. "Katibu," akasema kwa upole kabisa, "naona hapa mimi ndiye marehemu. Sasa leo niketi wapi?"

Hakukasirika. Alikuwa amefiwa na mdogo wake, na bado aliniona mimi ndiye mwenye kuhitaji kufarijiwa. Tulikusanya nakala zote 180, nikasahihisha kwa kalamu moja moja, watu wakiwa wanaimba wimbo wa kuingilia. Wiki iliyofuata nilichapa masahihisho juu, ukurasa wa kwanza, kwa herufi za ukubwa uleule. Kosa likiwa ukurasa wa mbele usilisahihishe ukurasa wa nyuma.

Orodha ya wagonjwa wa kuombewa inahitaji kibali cha mgonjwa mwenyewe au, asipoweza kusema, cha anayemuuguza. Jina la kwanza linatosha, Mungu anamjua. Ugonjwa usitajwe. Na orodha isafishwe: jina likae wiki nne, kisha uulize kama libaki. Vinginevyo utakuwa kama mimi, niliyekuwa nikimwombea mtu apone mgongo wakati yeye yuko juu ya ngazi akipaka rangi dirisha la kanisa.

Watoto: hakuna picha bila ruhusa ya mzazi, na hata ruhusa ikiwepo, picha na jina la mtoto visikae pamoja. Hili halina mjadala na halina hadithi.

Fedha

Mweka hazina atakuletea hesabu. Chapa jumla ya sadaka ya Jumapili iliyopita, na kama kuna mradi, andika lengo, kilichopatikana na kilichobaki. Mistari mitatu. Parishi inayoona hesabu zake kila wiki huwa haina haja ya kunong'ona uani.

Majina ya watoaji mimi sichapi. Tumebishana na waweka hazina watatu kwa zamu, na kila mmoja aliniambia kuwa watu wakiona majina hutoa zaidi. Inawezekana. Lakini yule asiyekuwepo, aliyepoteza kazi na akaona haya kuja mikono mitupu, akipelekewa karatasi yenye safu ya majina na kiasi mbele ya kila jina, tumemwambia nini? Mathayo 6:3 inasema mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume. Sijaona popote pasemapo mkono wa katibu uruhusiwe kujua na kuchapa.

Vikundi na mikutano

Hapa nitakwenda haraka. Kikundi kikikutana, usiandike kwamba "mkutano ulifunguliwa kwa sala na kufungwa kwa sala", tunatumaini hivyo. Andika kilichoamuliwa na atakayekitekeleza. Mkutano mkuu wa mwaka, unaochagua wazee wa kanisa na baraza la parishi, utangazwe mapema kwa kadiri taratibu za dayosisi yako zinavyotaka, karatasini na pia mlangoni, pamoja na namna ya kupendekeza majina. Baba Askofu akija, usijaze ukurasa kwa itifaki ya walioketi meza kuu. Andika majina ya waliopokea kipaimara. Miaka 40 baadaye ndiyo watakayotafuta, na hakuna atakayeuliza nani aliketi karibu na nani.

Usidharau kikao kidogo, hata kilichovunjika. Mwaka 1876, katika parishi ya Old Alresford nchini Uingereza, mke wa kasisi aitwaye Mary Sumner aliwaita kina mama nyumbani kwake. Inasimuliwa kwamba wakati wa kusema ulipofika aliingiwa na hofu hata hakuweza kuzungumza, ikabidi waombwe warudi wiki inayofuata. Katibu wa siku hizi angeandika "kikao kimeahirishwa" akafunga daftari. Kikao hicho ndicho kilichozaa Umoja wa Akina Mama, uliopo leo katika nchi nyingi za ushirika wa Kianglikana.

Zamu

Nimeliacha hili mpaka sasa makusudi, kwa sababu ni mahali ambapo nilirekebishwa na mtu ambaye hakuwahi kuwa katika kamati yoyote.

Kila karatasi ya parishi ina orodha ya zamu: wanaosoma masomo, wanaoongoza maombezi, wanaopanga maua, wanaofanya usafi, wanaopokea wageni mlangoni. Inakula robo ukurasa. Mwaka mmoja nafasi ilipungua, nikaiondoa. Wenye zamu nilikuwa nawatumia kwenye kundi la WhatsApp, kwa nini nichape? Hakuna aliyelalamika. Nikajisifu.

Baada ya wiki tatu msomaji wetu wa ibada aliyekuwa akifuatana na kasisi kupeleka Ushirika majumbani alirudi na ujumbe. Kulikuwa na bibi mmoja ambaye hakuwa ameingia kanisani kwa miaka sita, miguu imekataa. Alikuwa akiuliza: "Majina yangu yako wapi?" Sikuelewa, nikaenda mwenyewe. Alinionyesha karatasi zake, amezifunga kwa uzi, na kila orodha ya zamu ina alama za penseli. Jumatatu aliwaombea wasomaji, kwa jina, mmoja mmoja. Jumanne watu wa maua. Jumatano wenye usafi. Hivyo mpaka Jumamosi. Wengine hakuwajua kabisa, walihamia parishini yeye akiwa tayari hatoki. Aliniuliza juu ya jina moja lililokuwa likionekana kila mwezi kwenye usafi kisha likakoma: "Huyu amehama au amekata tamaa?"

Sikuwa najua. Nilikwenda kuuliza. Alikuwa amekata tamaa.

Zamu zilirudi wiki ileile, na tangu hapo nimeziandika kwa majina kamili badala ya "Kundi B". Herufi niliziongeza ukubwa hadi pointi 14, kwa kuwa wasiotoka nyumbani wengi macho yao yamechoka. Wanaopeleka Ushirika kwa wagonjwa hubeba nakala mkobani. Hizo huhesabiwa kwanza, kabla za mlangoni. Simu ni nzuri, tuma na huko, lakini picha ya karatasi iliyopigwa kwa kupinda haisomeki. Tuma maandishi yenyewe.

Nakala mbili na mwaka

Ukimaliza kugawa, weka nakala mbili kando. Moja ya ofisi, moja ya sanduku la kumbukumbu. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, kwa niaba ya Mfalme Henry VIII, aliagiza kila parishi ya Uingereza iwe na kitabu cha ubatizo, ndoa na maziko, kitunzwe katika sanduku lenye kufuli mbili: ufunguo mmoja kwa kasisi, mwingine kwa wazee wa kanisa, pasiwe na mtu wa kulifungua peke yake. Kufuli mbili huenda huna. Kabati lisilovuja linatosha, na usiamini kwamba kilichomo kwenye simu kimehifadhiwa.

Na andika mwaka. Nilipokuwa nikipanga kabati letu niliokota karatasi ya zamani, yangu mwenyewe, imeandikwa "Jumapili ya 3 ya Kwaresima, 27 Machi", basi. Familia moja ilikuwa ikitafuta tarehe ya ubatizo wa binti yao, na ubatizo ulikuwa pale, mstari wa tano, ila mwaka gani? Nilikaa chini kuhesabu. Injili ilikuwa Yohana 4, mwanamke Msamaria kisimani, kwa hiyo ni Mwaka A. Kutoka Jumapili ya 3 ya Kwaresima hadi Pasaka ni wiki nne, kwa hiyo Pasaka iliangukia 24 Aprili. Nikapekua kalenda: 2011. Nikafungua daftari la ubatizo la mwaka huo na jina likawa pale, kwa mwandiko wa kasisi aliyestaafu. Kisha nikachukua kalamu, nikaandika 2011 pembeni mwa karatasi, nikairudisha kabatini.